Bunduki yangu ya kwanza: niitengeneze, niibadili mtutu au niipumzishe?

Kanga_wa_Porini (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni.

Naomba ushauri wa wanaojua chuma na mbao. Wa kuuza na kununua sihitaji. Bunduki ni Brno ZKK 600, ya bolti, kutoka Czechoslovakia, kipimo cha risasi .30-06, magazini ya risasi tano, vilengeo vya chuma, haijawahi kufungwa darubini. Ndiyo ya kwanza kuandikwa kwenye kitabu changu cha silaha na siiuzi. Hali yake kwa sasa:

1. Mbao ina ufa wa kama sentimita 4, unaanzia nyuma ya mkia wa chuma (ulimi wa nyuma unaolala kwenye mbao) na kushuka kuelekea shingoni.
2. Rangi nyeusi imetoka pale chini panaposhikwa wakati wa kubeba, na kuna madoa ya kutu mstari mzima ambapo mtutu unakutana na mbao.
3. Kwa mita 100, kutoka kwenye mfuko wa mchanga, risasi tatu zilikuwa zinakaa ndani ya sentimita 4 au 5. Sasa zinatawanyika sentimita 12, na hakuna mpangilio: moja juu, moja kushoto, moja popote.
4. Ndani ya mtutu, ukimulika kwa tochi, mifereji inaonekana lakini ina weusi na michirizi ya rangi ya shaba karibu na mdomo.

Nimeshauriwa mambo matatu: kubadili mtutu, kuchovya chuma chote kwenye rangi mpya, na kuvalisha mbao ya plastiki. Nikifanya yote hayo naona nitabaki na namba ya bodi tu (bodi ni kile chuma cha kati kinachobeba mtutu na bolti). Je, kuna njia ya kuirudisha kazini ikiwa bado ni ileile? Au niisafishe, niifungie na kuiacha ipumzike?

---

Fundi_Mtutu

Mkuu, usiguse mtutu. Ufa wa mbao na kutawanyika kwa risasi nahisi ni ugonjwa mmoja, na mtutu unasingiziwa. Mtutu wa .30-06 hauchakai kwa uwindaji wa kawaida, hubeba risasi elfu kadhaa. Kinachouua ni kutu, na fimbo ya chuma inayoingizwa kupitia mdomoni.

Bunduki ikipiga, bodi inarudi nyuma. Chini ya bodi kwa mbele kuna jino linalokaa kwenye mfuko wa mbao, na kazi yake ni kupokea lile teke. Skrubu zikilegea, au mbao ikilainika kwa kunywa mafuta, jino linaacha kugusa sawasawa, na bodi inateleza mpaka mkia wa chuma uigonge mbao kwa nyuma. Mkia umechongwa kama kabari. Kila risasi ni nyundo moja kwenye kabari, na ufa wako ndio huo. Bodi nayo inakaa mahali tofauti kila ukipiga, kwa hiyo risasi haziwezi kwenda pamoja.

Anza na vipimo visivyogharimu kitu. Hakikisha chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) na magazini ni tupu, angalia kwa macho na kwa kidole, kisha:

Simamisha bunduki kitako kikiwa chini. Weka kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya mbao, kiguse mbao na mtutu kwa pamoja. Mkono mwingine ulegeze skrubu ya mbele taratibu, uikaze, uilegeze tena. Kidole kikisikia mtutu unacheza, chuma kimekaa kwa kulazimishwa. Rudia kwa skrubu ya nyuma. Kama yako ina skrubu ya tatu mbele, inayoshika mtutu kwenye mbao, irekodi nayo, kwa sababu hiyo ikikazwa kupita kiasi inauvuta mtutu chini na risasi zinahama kadiri mtutu unavyopata moto.

Halafu vua chuma kwenye mbao na utazame mfuko wa jino. Mbao nzima ina alama ya kugusana iliyo bapa na kavu. Iliyokufa ni nyeusi, inang'aa kwa mafuta, na ukiikwaruza kwa ukucha inaacha mfereji. Tupe majibu ya hivyo viwili kabla hujatumia hata shilingi.

Jambo dogo linaloharibu bunduki nyingi ni bisibisi. Ile ya nyumbani ina ncha yenye mteremko kama patasi, inapanda kutoka kwenye mkato na kung'oa kingo. Chukua yenye ncha bapa inayojaza mkato wote kwa upana na unene. Kama huna, chonga bisibisi ya zamani kwa tupa mpaka ikae. Skrubu zilizoliwa vichwa ndicho kitu cha kwanza mtu anachokiona akiishika bunduki, na hazirudi.

---

Shaba_na_Baruti

Naongezea kwenye namba 4. Kabla ya kusema mtutu umekufa, uoshe mpaka mwisho. Watu wengi huosha masizi tu na kuacha chini yake shaba iliyobanduka kwenye vichwa vya risasi, halafu masizi mapya yanakaa juu ya shaba ya zamani, tabaka juu ya tabaka.

Toa bolti (kile chuma chenye mkono kinachofunga chemba). Fimbo ya kusafishia iwe ya kipande kimoja, iingie kutoka nyuma kwenye chemba, kamwe isipitie mdomoni. Ukingo wa mdomo ndio sehemu ya mwisho kuiaga risasi. Fimbo ikiula upande mmoja, gesi inatoka upande huo kabla ya mwingine na risasi inasukumwa pembeni. Kwa Brno hakuna kisingizio, bolti inatoka na njia iko wazi.

Pitisha kwanza vitambaa viwili au vitatu vyenye dawa ya masizi, kisha brashi ya shaba nyeupe mara kumi kwenda na kurudi, kisha vitambaa vikavu. Sasa weka dawa ya kuondoa shaba, ile yenye harufu kali ya amonia. Ipe dakika 10, isizidi 15, na isiachwe usiku kucha. Weka kitambaa juu ya mbao isije ikadondokewa. Kitambaa kitakachotoka kikiwa na rangi ya bluu au kijani ndiyo shaba inayeyuka. Rudia mpaka kitoke cheupe. Hapa kuna mtego: kama kichwa cha fimbo chako ni cha shaba, dawa itakila chenyewe na vitambaa vitatoka bluu milele. Tumia cha plastiki au chuma cha pua. Ukimaliza, kausha na upake mafuta mepesi kwa kitambaa kimoja, na yafute kabla ya kupiga tena.

Swali moja muhimu: umewahi kupiga risasi za zamani za kijeshi? Nyingi za zama zile zina fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) yenye klorati ya potasiamu. Ikiungua inaacha chumvi, ndugu kabisa wa chumvi ya jikoni, na inavuta unyevu kutoka hewani. Mafuta hayaiyeyushi, yanaifunika tu ikiendelea kula chuma chini yake. Dawa yake ni maji. Mimina maji ya moto sana kutoka nyuma kwa faneli yenye mpira, kama nusu lita hivi, siku hiyohiyo uliyopiga, halafu kausha ukiwa na mtutu wenye joto, ndipo mafuta. Na bolti ipigwe maji usoni, pale pini inapotokea, kwa sababu gesi ya fataki inarudi hapo.

---

Kanga_wa_Porini

Shukrani sana wakuu. Majibu:

Skrubu ya mbele, kidole kinasikia mtutu unacheza waziwazi. Skrubu ya nyuma ililegea kwa robo ya mzunguko bila nguvu. Mfuko wa jino ni mweusi, ukucha unaingia, na ndani kabisa kuna ufa mwingine mwembamba unaovuka mbao kulia kwenda kushoto. Mbao ya shingoni nayo ni nyeusi kuliko kwingine. Mtutu nimeuosha awamu nne, bluu haijaisha ila imepungua. Risasi za kijeshi, ndiyo, boksi mbili.

Na huwa naihifadhi ikiwa imesimama, kitako chini, imepakwa mafuta ya kutosha.

---

Fundi_Mtutu

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo imejibu nusu ya mada. Mafuta ya chuma yanashuka kupitia bodi, yanapita kwenye triga na kuishia shingoni mwa mbao. Yanaifanya iwe nyeusi na laini kama muwa uliokaa. Unapoihifadhi, geuza: mdomo chini, juu ya kitambaa safi kinene, ili mafuta yaende mdomoni. Na mafuta ya kutosha kwenye chuma ni yale ambayo kidole kinayasikia lakini jicho haliyaoni.

Mbao inaponyeka. Fuata hivi:

Kwanza toa mafuta. Changanya unga wa chokaa ya chaki na asetoni uwe kama uji mzito, upake kwenye mfuko wa jino, kwenye ufa na shingoni, sehemu za ndani tu zisizo na rangi ya nje. Asetoni inaingia, inayafuata mafuta, na ikikauka chaki inayavuta nje. Uji utageuka kahawia. Ukwangue, upake mwingine. Mbao iliyolowa inaweza kudai mara tano au sita. Fanyia nje, mbali na jiko na sigara, maana mvuke wa asetoni unashika moto kwa cheche tu.

Pili, gundi. Tumia epoksi ya taratibu, inayoshika kwa saa 24. Ile ya dakika 5 inakauka kabla haijafika mwisho wa ufa. Uufungue ufa kidogo kwa kuibana mbao kinyume, sukuma gundi kwa sirinji, na upande wa pili uvute kwa kutumia kile kizibuo cha sinki au hata kwa kunyonya kwa bomba, mpaka uione imetokea. Ukiona gundi imetokea upande wa pili, ndipo ujue imejaa. Bana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa kama utepe wa upana wa sentimita 2, uzungushe kwa kuvuta. Unabana sawasawa pande zote na hauachi alama kwenye mbao, jambo ambalo kibano cha chuma hakiwezi. Futa ziada kwa siki ikiwa bado mbichi.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanakosea: baada ya gundi kukauka, chonga mbao nyuma ya mkia wa chuma ili pabaki mwanya wa nusu milimita hadi milimita moja, kama unene wa kadi ya benki. Chuma kisiguse mbao hapo kabisa. Ukiiziba tu nyufa na kuacha mkia unagusa, itapasuka tena palepale.

Nne, tengeneza kitanda cha jino kwa epoksi nzito yenye unga wa chuma. Uso wa nyuma wa jino ndio uguse. Mbele, pembeni na chini ya jino bandika utepe tabaka moja au mawili ili pabaki nafasi. Chuma chote kinachoweza kugusana na gundi kipakwe nta, hata dawa ya viatu ya nta inafaa, tabaka mbili, na matundu yote ya bodi yazibwe kwa udongo wa kuchezea wa watoto. Tundu moja ukilisahau, gundi inaingia, na bunduki na mbao vinakuwa kitu kimoja. Matundu ya skrubu kwenye mbao yapanuliwe kidogo, skrubu isiguse mbao ubavuni.

Ufa wa ndani unaovuka, ule mwembamba, utazikwa kwenye hicho kitanda. Kwa bunduki ya teke kubwa ningepitisha na kipande cha nondo nyembamba yenye hesi. Kwa .30-06 gundi inatosha.

---

MbaoTamu

Nje ya mbao naomba asiiguse kwa msasa. Msasa unakula kingo, na herufi na alama pale mbao inapokutana na chuma. Baadaye chuma kinabaki kimesimama juu ya mbao kama jino refu, na ile mistari ya kushikia shingoni inafutika.

Mikwaruzo imegawanyika. Ambapo nyuzi za mbao zimekatwa, haparudi, na mimi kwa bunduki ya namna hii ningepaacha. Ambapo nyuzi zimebonyezwa tu, zinainuka kwa mvuke: kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, juu yake pasi ya moto, sekunde mbili tatu, inua, tazama, rudia. Hata pasi ya mkaa inafaa mradi majivu yasidondoke.

Rangi ya nje, mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Matone machache kiganjani, sugua mpaka kiganja kipate moto, subiri dakika 15, futa yote yaliyobaki juu, acha siku nzima. Tabaka 4 au 5 nyembamba. Mtu wa Tanga au Mtwara ahesabu siku mbili kwa tabaka kwenye masika, hewa yenyewe imelowa. Ukipaka nene inabaki inanata na inakusanya vumbi.

Matambara ya mafuta hayo usiyakunje na kuyatupa kwenye pipa! Yanapokauka yanazalisha joto, na yakiwa yamefinyangwa pamoja yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje juu ya mawe au uyazamishe kwenye ndoo ya maji.

---

Nyati_Haongei

Nitasema lisilopendeza. Mapenzi kwa bunduki ya kwanza ni jambo zuri, lakini mnyama hajui kama unaipenda. Bunduki inayotawanya sentimita 12 kwa mita 100 itatawanya 18 kwa mita 150 kabla hujahesabu pumzi yako na mkono wako. Eneo la moyo na mapafu ya swala mdogo halifiki huko. Matokeo yake ni mnyama anayekimbia na tumbo lililotoboka, na siku nzima ya kufuata damu.

Baada ya matengenezo yote, iweke kwenye mtihani kwa akili ya mtu ambaye si yake. Mita 100, risasi za aina moja, kichwa cha grein 180 (kama gramu 12), ambacho .30-06 nyingi za namna hiyo hukipenda. Makundi matatu ya risasi tatu, kila kundi mtutu uachwe upoe mpaka uweze kuushika bila kuuachia. Andika risasi ya kwanza ya mtutu baridi peke yake, kwa sababu hiyo ndiyo utakayoipiga porini. Makundi yote yakiwa chini ya sentimita 6 kwa vilengeo vya chuma, nenda nayo. Likizidi 10 hata moja, iende ukutani. Weka wastani wa matundu sentimita 5 juu ya shabaha kwa mita 100, itarudi kwenye shabaha karibu na mita 170 hadi 180, na hutakuwa na haja ya kukisia kwa umbali wa kawaida.

Na isipelekwe kwa mnyama isiyemfaa kwa sababu tu imewahi kumwangusha. Kwa nyati ni .375 kwenda juu. Hilo ni sharti, halijadiliwi na moyo.

---

Fundi_Mtutu

Nakubaliana na Nyati, na naongeza kipimo cha usalama kabla ya huo mtihani. Chukua maganda matano uliyopiga kwenye bunduki hii. Tazama kama sentimita moja juu ya kitako cha ganda: kuna mstari unaong'aa unaozunguka? Nyoosha waya wa klipu ya karatasi, kunja ncha yake milimita 2, iwe kali, uiingize ndani ya ganda na kukwaruza ukutani kutoka chini kwenda juu. Ukisikia inaanguka kwenye mfereji, ganda linajiandaa kukatika vipande viwili na gesi itakurudia usoni. Hapo ni nafasi ya chemba imezidi. Kwa .30-06 tofauti kati ya chemba fupi kabisa na ndefu kabisa inayokubalika ni sehemu 10 za elfu moja ya inchi, yaani robo ya milimita. Haipimwi kwa macho wala kwa utepe wa karatasi. Fundi awe na geji zake, bolti ivuliwe kitoa-ganda na springi kabla ya kupima. Hakikisha pia namba ya bolti ndiyo ya bodi. Bolti iliyoazimwa kwa bunduki nyingine ndiyo chanzo cha kwanza cha tatizo hili.

Bolti yenyewe uifungue na kuiosha. Grisi ya miaka inaganda kama nta, pini inagonga kwa uvivu, na fataki inapata kidoti tu. Iache kavu na tone moja la mafuta mepesi. Risasi ikigoma, mtutu ubaki umeelekea pahali salama, hesabu sekunde 60 kabla ya kufungua.

---

Kutu_Haina_Dini

Kuhusu rangi. Kuichovya upya maana yake kwanza ni kuing'arisha kwa gurudumu la kitambaa, na hapo ndipo maandishi, mihuri na kingo zinapoyeyuka. Kwenye chuma cha Czechoslovakia mihuri ya majaribio ina tarakimu mbili za mwaka. Soma yako kabla ya lolote, piga picha kwa mwanga wa pembeni, uandike. Ukiiagiza gurudumu, umeufuta mwaka wa kuzaliwa kwake.

Madoa mepesi: mafuta na pamba ya chuma ya daraja 0000, kwa vidole viwili, duara ndogondogo, ufute kila dakika uone. Kutu nyekundu ni ngumu kuliko unavyodhani lakini ni laini kuliko ile rangi nyeusi, inatoka kwanza. Acha mara tu ukiona weusi unaanza kupauka.

Kwa ule mstari mrefu chini ya mbao kuna njia nzuri zaidi. Kutu nyekundu ikichemshwa kwenye maji safi inageuka kuwa oksidi nyeusi, ambayo ndiyo ileile ya rangi ya zamani. Kwa hiyo unaipata rangi kutoka kwenye ugonjwa wenyewe. Vua triga, springi, vilengeo kama vinatoka. Safisha mafuta yote kwa asetoni. Tafuta fundi wa mabati akukunjie mfereji wa mita moja na ziada, ujaze maji ya mvua (ya bomba yana chokaa na klorini, yanaacha mabaka), yachemke kwelikweli, chuma kizame dakika 20 hadi 30. Kikitoka kitajikausha chenyewe kwa joto. Utaona unga mweusi kama mahameli. Ufute kwa pamba ya chuma iliyooshwa mafuta. Rudia kama wekundu umebaki. Kisha mafuta ndani na nje mara moja, kikiwa bado vuguvugu.

Pale chini palipotoka rangi kwa kubebwa, pasiguswe. Pamekuwa pa kijivu na laini kama kitovu cha sarafu ya zamani, na ukiishika bunduki gizani vidole vinajua ndipo ilipo mizani yake. Paka nta tu.

Tahadhari kwa msomaji mwingine mwenye gobole la mitutu miwili au shotgani ya zamani: chungu cha rangi ya chumvi kali usikiruhusu kabisa, kinakula lehemu ya risasi na bati iliyounganisha mitutu na mbavu yake. Maji yanayochemka hayaifiki.

---

Karatasi_Kwanza

Wote mmeongea vizuri, ila bunduki nyingi za kumbukumbu zinapotelea kwenye karatasi.

Mbao inaweza kwenda kwa seremala peke yake, vua chuma kibaki kabatini kwako. Bodi na mtutu haviachwi kwa fundi asiye na leseni ya kazi hiyo, hata kwa saa moja, hata kama ni shemeji. Ukibadili mtutu au kipimo cha risasi, kitabu lazima kisome sawa na chuma. Kabla ya kazi yoyote linganisha namba kwenye bodi na namba kwenye kitabu, tarakimu kwa tarakimu. 3 na 8 zimeleta maafa.

Umiliki wa silaha ni leseni ya mtu na haurithiwi kama shamba. Mwenye kitabu akifariki, familia inaipeleka silaha polisi na mrithi anaomba kibali chake mwenyewe chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya 2015. Kama kuna mtu unayetaka aje aipate, aanze kuwa na sifa za kuomba ungali hai, na bunduki itajwe kwenye wosia kwa namba. Ikifika huko imekaa darini miaka mitatu baada ya msiba, imekuwa silaha haramu, na hakuna atakayesikiliza habari za kumbukumbu.

Kitabu cha silaha pia si kibali cha kuwinda. Hicho kinatoka upande wa wanyamapori, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009.

---

Pwani_Kavu (Kenya)

Wadau, huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo bunduki za aina hii zilizo na leseni zinaishi kwa kuhifadhiwa na kupelekwa kwenye uwanja wa shabaha. Niseme machache ya anayetaka kuipumzisha.

Usiiweke ndani ya ala ya ngozi wala begi la sponji. Ngozi ina asidi ya kutengenezea na sponji inashika unyevu. Ukifungua baada ya masika unakuta ramani ya kutu yenye umbo la begi. Begi ni la safari. Kabatini weka chembe za kukausha hewa, nusu kilo kwa kabati la bunduki nne, na kipima unyevu cha bei rahisi. Lenga asilimia 45 hadi 50. Chini sana mbao inapasuka, juu ya 60 chuma kinaanza. Chembe zikibadilika rangi, zirudishe kwa oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili.

Kila mwezi itoe, ifute alama za vidole kwa kitambaa chenye mafuta, pitisha kitambaa mtutuni, irudishe. Jasho la kiganja kimoja la mgeni aliyeomba kuishika linatosha kuacha alama ya vidole vitano kwa wiki moja, hasa hapa Mombasa. Bolti ikae imelegezwa, springi ya pini isibaki imejikaza, na ikiwezekana ikae kwenye kufuli tofauti.

---

Mama_Darubini

Dada yenu nina mawili tu. La kwanza, Kanga usikubali mtu akuchimbie matundu ya darubini. ZKK ina reli zake zimechongwa juu ya bodi, vishikio vinabana hapo. Ila usidhani vya CZ 550, bunduki mpya zaidi ya ukoo huo, vitakaa, pima kwanza. Bodi ikishatobolewa, haitoboki kinyume.

La pili linahusu usalama. ZKK nyingi za zamani, sefti yake inafanya kazi kinyume na bunduki nyingine: ikisukumwa mbele imefungwa, ikivutwa nyuma iko tayari kupiga. Mwenyewe umeshazoea, kidole gumba kinakwenda chenyewe. Atakayeirithi au kuiazima kwenye uwanja wa shabaha atafanya kinyume akiamini ameifunga. Na ile triga yenye kusukumwa mbele ili iwe nyepesi, akiigusa bila kujua, inaondoka kwa pumzi. Ikishasukumwa na hutaki kupiga: mtutu pahali salama, fungua bolti, toa risasi, ndipo ubonyeze ikiwa tupu. Andika hayo kwenye kadi ngumu, ifunge kwa kamba kwenye mlinzi wa triga ndani ya kabati. Kadi hiyohiyo iwe na namba, mwaka wa muhuri, aina ya risasi inayoipenda na urefu wa kilengeo.

---

Kanga_wa_Porini

Nimewaelewa. Mtutu haubadilishwi, rangi haichovywi, plastiki haiji. Uji wa chaki niko mara ya tatu, bado unatoka kahawia. Maganda nimeyakwaruza kwa waya, matano yote laini, hakuna mfereji. Mwaka kwenye muhuri ni 71.

Swali la mwisho: baada ya kitanda cha jino, skrubu zikazwe kwa mpangilio gani, na lini naweza kupiga?

---

Fundi_Mtutu

Wakati gundi ya kitanda ni mbichi, skrubu zishike tu bila nguvu, chuma kikae kwa uzito wake. Ukizikaza hapo unaiganda bodi ikiwa imepinda. Acha saa 24, vua chuma kwa kukivuta wima, usikitingishe kutoka nyuma maana utavunja kingo za kitanda. Safisha, toa utepe na udongo, acha siku tatu zaidi, epoksi iive.

Kukaza: simamisha bunduki kitako chini, ugonge kitako mara mbili kwenye zulia ili jino likae nyuma, kaza ya mbele kwanza mpaka mkono ugome kwa bisibisi fupi, kisha ya nyuma, na ya tatu kama ipo ikazwe mpaka iguse tu. Weka kidoti cha rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha skrubu kwenda kwenye chuma kinachoizunguka, utaijua siku ikihama. Piga risasi tano, kagua vidoti, kaza tena, ndipo uanze yale makundi matatu ya Nyati. Na ule uji, endelea mpaka utoke mweupe.